Soneti ya Shelley na utenzi wa Pate: namna ya kulinganisha mashairi mawili ya zama moja

KULINGANISHA mashairi mawili ni miongoni mwa kazi ambazo wanafunzi wengi wa sekondari huzichukia mapema, pengine kabla ya kuyasoma mashairi yenyewe. Swali huja kwa mstari mmoja: chagua mashairi mawili ya zama za ulimbwende yanayotofautiana, kisha yalinganishe. Mwanafunzi aliyeko Ngulyati, kata ya Wilaya ya Bariadi mkoani Simiyu, hujikuta akitafuta majina ya Waingereza waliokufa miaka mia mbili iliyopita, na mara nyingi huteleza kwenye neno la kwanza la swali.

Neno hilo ni ulimbwende. Wasomaji wa magazeti ya Tanzania walilizoea kwa maana ya urembo, kwa kuwa mlimbwende ni msichana anayepanda jukwaani kuwania taji. Katika taaluma ya fasihi neno hili halina uhusiano na mashindano hayo. Wala halina maana ya mashairi ya mapenzi, kama wanavyodhani wengi wanaposikia jina lake la Kiingereza. Ulimbwende ni mkondo wa fikra na sanaa ulioenea Ulaya tangu mwishoni mwa karne ya 18 hadi katikati ya karne ya 19. Ulichochewa na Mapinduzi ya Ufaransa ya mwaka 1789, ukakuzwa na chuki dhidi ya viwanda vilivyokuwa vikimeza mashamba na watu. Washairi wake walithamini hisia za mtu mmoja, maumbile ya asili, uhuru, na mambo ya kale yaliyobomoka.

Uingereza mkondo huo huhesabiwa kwa kawaida kuanzia mwaka 1798, William Wordsworth na Samuel Taylor Coleridge walipochapisha kitabu chao cha Lyrical Ballads, ingawa William Blake alikuwa amekwisha kuanza kutunga miaka kadhaa kabla yao. Baadaye walikuja vijana watatu waliokufa mapema: Byron akiwa na miaka 36, Keats miaka 25, na Percy Bysshe Shelley, aliyezama baharini nchini Italia Julai 8, 1822, kabla hajatimiza miaka 30.

Jambo ambalo vitabu vingi vya shule haviligusi ni kwamba pwani ya Afrika Mashariki haikuwa kimya katika miaka hiyo hiyo. Muyaka bin Haji alikuwa Mombasa akitunga mashairi ya vita, mapenzi na njaa. Katika kisiwa cha Pate, kwenye funguvisiwa la Lamu, Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir alitunga utenzi wa Al-Inkishafi, ambao watafiti wengi huuweka kati ya mwaka 1810 na 1820. Shelley alichapisha soneti yake ya "Ozymandias" Januari 1818. Tungo hizi mbili zinatazama jambo moja, yaani magofu ya watu waliokuwa wakubwa, nazo zimeachana kwa karibu kila kitu kingine. Kwa kazi ya darasani ni vigumu kupata jozi iliyo bora kuliko hii, na mwanafunzi wa Kiswahili ana faida ambayo mwenzake wa London hana, kwa sababu mmoja wa washairi hao anazungumza lugha iliyo jirani na yake.

Tahadhari moja itolewe mapema. Sayyid Abdallah hakuwa mshairi wa ulimbwende. Hakuna sababu ya kudhani kwamba alipata kumsikia Wordsworth, na utenzi wake una mizizi katika mashairi ya Kiislamu ya kuipa dunia kisogo. Anayeandika kwamba Al-Inkishafi ni shairi la ulimbwende atakuwa amekosea. Atakayeandika kwamba ni shairi lililotungwa katika zama za ulimbwende, nje ya mkondo huo, atakuwa sahihi, na tayari atakuwa na hoja ya kwanza ya insha yake.

Soneti ya Shelley ina historia ya kuvutia. Mwishoni mwa mwaka 1817 Shelley na rafiki yake Horace Smith walishindana kutunga soneti juu ya mada moja: mfalme wa kale wa Misri ambaye Wagiriki walimwita Ozymandias, yaani Ramesses wa Pili, aliyetawala kwa miaka 66 katika karne ya 13 kabla ya Kristo. Mwanahistoria Diodorus wa Sicily alikuwa ameandika habari za sanamu ya mfalme huyo na maneno ya majivuno yaliyochongwa juu yake. Wakati huohuo zilikuwapo habari za kipande kikubwa cha sanamu ya Ramesses, chenye uzito wa zaidi ya tani saba, ambacho Giovanni Belzoni alikiondoa Thebes mwaka 1816 kwa ajili ya Jumba la Makumbusho la Uingereza. Kipande hicho kilifika London baada ya shairi kuchapishwa. Shelley hakukiona kabla ya kuandika, na Misri hakuwahi kukanyaga.

Shairi lilitoka Januari 11, 1818 katika gazeti la kila wiki la The Examiner, likiwa na jina la bandia. La Smith lilifuata Februari 1 katika gazeti hilohilo, na leo linakumbukwa karibu kwa sababu hiyo tu. Mhariri wa gazeti, Leigh Hunt, alikuwa ametoka gerezani mwaka 1815 baada ya kifungo cha miaka miwili kwa kosa la kumkashifu Mwanamfalme aliyekuwa akishika madaraka ya baba yake mgonjwa. Msomaji wa gazeti lile, akikutana na shairi juu ya mfalme mwenye kiburi aliyekwisha kuwa vumbi, hakuhitaji kuelezwa sana. Napoleon naye alikuwa ameshindwa Waterloo mwaka 1815 na alikuwa mfungwa katika kisiwa cha Saint Helena.

Kisa chenyewe ni kifupi. Msemaji anakutana na msafiri. Msafiri anamweleza kwamba jangwani ameona miguu miwili ya jiwe isiyo na kiwiliwili, na karibu yake uso uliovunjika, nusu umefukiwa na mchanga, ukiwa bado na dharau mdomoni. Chini pana maandishi ambamo mfalme anawataka wenye nguvu wengine wazitazame kazi zake na kukata tamaa. Kazi hizo hazipo. Kilichobaki ni mchanga, pande zote, hadi upeo wa macho. Mistari 14 imekwisha.

Al-Inkishafi haina haraka ya namna hiyo. Jina lake ni la Kiarabu na lina maana ya kufunuka au kufunuliwa. Ni utenzi wa beti zaidi ya 70, kila ubeti ukiwa na vipande vinne vya mizani kumi kumi. Vipande vitatu vya kwanza hushirikiana kina, na cha nne huwa na kina chake kinachorudi ubeti baada ya ubeti tangu mwanzo hadi mwisho. Mshairi anaanza kwa jina la Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume, ndipo anaugeukia moyo wake na kuukemea. Anauuliza kwa nini unaisadiki dunia ilhali inahadaa. Anaupeleka kuona mfano wa karibu: nyumba za matajiri wa Pate.

Hapo ndipo penye uzito wa utenzi wote. Sayyid Abdallah haelezi magofu kwa jumla. Anaingia ndani. Anaonyesha taa zilizokuwa zikiwaka, vitanda, wahudumu, wageni. Kisha anaonyesha zidaka za ukutani, zile zilizopangwa vyombo vya kaure, zikiwa sasa ni makao ya makinda ya ndege, na kumbi ambamo sauti iliyobaki ni ya wadudu. Anauliza walikokwenda mabwana na mabibi wa nyumba hizo, na jibu ni kaburi. Kutoka hapo utenzi unasonga hadi Siku ya Hukumu na kuzitaja moto za Jahanamu kwa majina.

Pate haikuwa mahali pa kubuniwa. Ulikuwa mji wa biashara uliotajirika sana katika karne ya 17 na ya 18, kisha ukadhoofishwa na fitina za ndani na vita. Mwanzoni mwa miaka ya 1810 majeshi ya Pate na washirika wake wa Mombasa yalishindwa na watu wa Lamu katika vita vya Shela, na baada ya hapo mkono wa Oman ulizidi kuwa mzito katika pwani ile. Kwa Sayyid Abdallah, waliokuwa wakilala katika vitanda vile walikuwa watu wa mji wake, na baadhi walikuwa jamaa.

Tofauti ya kwanza ambayo insha nzuri haiwezi kuikwepa inatokana na hilo. Shelley amejiweka mbali na magofu kadiri alivyoweza. Msemaji wa shairi hakuyaona, ameyasikia kwa msafiri. Msafiri naye anasoma uso uliochongwa na fundi. Fundi aliutazama uso wa mfalme. Na mfalme anasikika kwa maandishi tu. Ni sauti ndani ya sauti, na mshairi mwenyewe hasemi lolote la kuhukumu. Sayyid Abdallah amefanya kinyume. Hakuna wa kati. Anayesema ni yeye, anayeambiwa ni moyo wake, na magofu ni ya nyumbani kwao.

Kuna kichekesho kidogo katika jambo hili ambacho mwanafunzi makini anaweza kukitumia. Ulimbwende unasifika kwa kuzipa nafasi hisia za ndani za mtu mmoja. Hata hivyo, katika jozi hii, mlimbwende ndiye aliyejificha, na shehe wa Pate ndiye aliyeufungua moyo wake mbele ya watu.

Tofauti ya pili, na pengine ndiyo kubwa kuliko zote, ni ya itikadi. Shelley alifukuzwa Chuo Kikuu cha Oxford mwaka 1811 kuhusiana na kijitabu kilichotetea kutoamini kuwapo kwa Mungu. Katika soneti yake hakuna Mungu, hakuna hukumu, hakuna akhera. Mfalme ameadhibiwa na muda peke yake, na baada ya mchanga hakuna kinachofuata. Kwa Sayyid Abdallah kubomoka kwa nyumba si mwisho wa habari, ni kionjo tu. Tajiri wa Pate hajamalizana na deni lake kwa kufa. Ndiyo kwanza anakwenda kuulizwa. Kwa hiyo gofu lilelile linatoa mafunzo mawili. Kwa Shelley linawasuta watawala. Kwa Sayyid Abdallah linamwonya kila mwenye moyo, awe mtawala au asiwe. Wapo wasomaji wanaouona utenzi huo pia kuwa ni lawama kwa tabaka la mabwana walioiangusha Pate kwa anasa, na hoja hiyo inatetewa vizuri kwa kutumia beti za nyumba. Lakini mwanafunzi asiitie chumvi, maana utenzi wenyewe unazungumza zaidi na nafsi kuliko na serikali.

Kwenye fani, wanafunzi wengi huorodhesha tamathali za semi kama wanaohesabu mifugo: tashibiha moja, tashihisi mbili, takriri tatu. Orodha hiyo haiwapi alama nyingi, kwa sababu mwalimu anataka kujua tamathali imefanya kazi gani. Katika "Ozymandias" chombo kikuu ni kinaya. Maneno ya mfalme yalikusudiwa kuwatisha wakubwa wenzake kwa ukubwa wa kazi zake. Sasa yanawatisha kwa sababu kazi zenyewe hazipo. Hayakubadilika hata herufi moja, kilichobadilika ni kilichoyazunguka. Katika Al-Inkishafi chombo kikuu ni taswira za vitu vya ndani ya nyumba, zikisaidiwa na maswali ambayo mshairi hatarajii kujibiwa na mtu.

Muundo nao unasema. Soneti ilikuwa umbo lenye kanuni kali za vina, na Shelley amezivuruga. Vina vyake vinaingiliana kwa mpango usiolingana na soneti za Kiitalia wala za Shakespeare. Kulichukulia hilo kuwa umbo lililovunjika kwa shairi linalohusu sanamu iliyovunjika ni tafsiri inayokubalika, mradi isemwe kuwa ni tafsiri. Sayyid Abdallah kwa upande wake hakutikisa kanuni hata mara moja. Mji umeporomoka, lakini kina cha kipande cha nne kinarudi pale pale kila mara. Ikumbukwe kwamba utenzi wa pwani ulitungwa ili usikike, ukighanwa mbele ya watu, ilhali soneti ya Shelley ilikutana na wasomaji wake katika ukurasa wa gazeti. Marudio yanayomchosha anayesoma kimya humsaidia anayesikiliza.

Lugha ni kikwazo katika pande zote mbili. Kiingereza cha mwaka 1818 si kigumu sana katika shairi hili, ila mpangilio wa sentensi unazunguka, na inafaa kuzitenganisha kwanza sauti zinazosema kabla ya kutafuta maana. Al-Inkishafi imeandikwa kwa Kiswahili cha kaskazini, awali kwa hati za Kiarabu. Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja baada ya uamuzi wa mwaka 1928, hivyo msomaji wa bara atakutana na "ndia" badala ya njia, "nti" badala ya nchi, "mato" badala ya macho. Kwa anayetoka nyumba inayozungumza Kisukuma hiyo ni kama lugha ya tatu. Matini yenye kufikika zaidi kwa mwanafunzi wa Tanzania ni ile iliyomo katika Tenzi Tatu za Kale, kitabu kilichohaririwa na M. M. Mulokozi na kutolewa na TUKI mwaka 1999. Zipo pia matoleo ya William Hichens ya mwaka 1939 na ya James de Vere Allen ya mwaka 1977. Miswada inapishana kwa idadi na mpangilio wa beti, kwa hiyo anayetaja namba ya ubeti ataje na toleo alilotumia.

Usukumani kulinganisha tungo si jambo geni. Vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu vimeshindana kwa vizazi kadhaa, makundi mawili yakicheza na kuimba kwa wakati mmoja, na ushindi ukienda kwa kundi lililovuta umati mkubwa zaidi. Kijana aliyekulia kwenye viwanja hivyo ana sikio la kutambua nani amejibu nini na kwa ufundi gani. Hatari yake ni kutafuta mshindi. Insha ya fasihi linganishi haiulizi shairi lipi ni bora, na aya zinazotumika kumpa ushindi Sayyid Abdallah kwa kuwa ni wa kwetu, au Shelley kwa kuwa ni maarufu duniani, ni aya zilizopotea.

Kosa linaloongoza lakini ni la mpangilio. Mwanafunzi huandika kurasa mbili juu ya shairi la kwanza, kurasa mbili juu ya la pili, kisha mistari mitatu ya mwisho isemayo kwamba yanafanana na kutofautiana. Hizo ni insha mbili zilizobanwa kwa pini. Kila aya ibebe hoja moja na mashairi yote mawili. Aya dhaifu ingesomeka hivi: Shairi la Ozymandias lina mandhari ya jangwa. Shairi la Al-Inkishafi lina mandhari ya Pate. Aya yenye nguvu ingesomeka hivi: Washairi wote wawili wanatumia mahali palipohamwa ili kuonyesha kuwa ukubwa haudumu, lakini Shelley anachagua jangwa lisilo na hata ukuta mmoja, ili mfalme aonekane hakuacha chochote, ilhali Sayyid Abdallah anaziacha kuta zisimame na zidaka zake, ili msikilizaji aone ni nani hasa wanaokosekana ndani yake.

Katika maswali ya fasihi Tanzania huja mara nyingi kipengele cha uhalisia wa kazi katika jamii. Hapa hakuna haja ya kukimbilia sentensi za jumla kuhusu viongozi wabaya. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara mkoani Lindi, yaliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, ni ndugu wa nyumba za Pate, na jumba la Husuni Kubwa la karne ya 14 linatosha kwa mfano. Karibu zaidi na Bariadi, watemi wa Usukuma waliopokea kodi na kuamua kesi walipoteza madaraka yao kisheria mwaka 1963. Wazee wangali wanaonyesha mahali zilipokuwa ikulu za baadhi yao. Mwanafunzi anaweza kuuliza, kwa haki kabisa, kama gofu la mtemi lisomwe kwa jicho la Shelley au kwa jicho la Sayyid Abdallah, na swali hilo likiandikwa kwa uangalifu litampa aya bora kuliko zote alizonazo.

Endapo mwalimu atataka tofauti iliyo wazi zaidi, Al-Inkishafi inaweza kuwekwa na shairi lolote la Muyaka, ambaye hukadiriwa kuishi kati ya mwaka 1776 na 1840. Hapo bahari, zama na dini ni vilevile, lakini mmoja anaikana dunia na mwingine amezama ndani yake, akiwatania wapinzani wa Mombasa na kulalamikia mapenzi. Umbo pia linabadilika, kutoka utenzi hadi shairi la mizani 16 kwa mshororo. Tungo nyingi za Muyaka zilikusanywa baada ya kifo chake na mmisionari W. E. Taylor kwa msaada mkubwa wa Mwalimu Sikujua wa Mombasa, aliyezipata kwa wazee waliokuwa bado wanazikumbuka, na zilichapwa katika diwani mwaka 1940.